Uzito wa Watoto wa Kapata

Kila Jumanne saa mbili asubuhi, kabla ya kumpima mtoto yeyote, Mama Mushiya aliipima mizani. Alitundika kwenye ndoana kidumu kilichojazwa maji hadi kutimiza kilo tano, akasubiri mshale utulie, na ulipotulia penye tano aliandika "sawa" juu ya ukurasa mpya. Alikuwa akifanya hivyo kwa miaka kumi na tisa katika kituo cha afya cha Kapata, mtaa wa wachimbaji wa Kolwezi, katika chumba ambamo kampuni ya zamani iliwagawia wafanyakazi wake unga, maharagwe na samaki wakavu. Kampuni ile haikuwa na huruma, lakini ilijua kwamba mtu mwenye njaa hachimbi. Hakuna aliyemfundisha Mushiya jambo la kidumu. Mizani ya kwanza aliyokabidhiwa ilikuwa ikiiba nusu kilo, naye aligundua baada ya miezi mitatu, na tangu hapo hakuamini chombo chochote ambacho hakukijaribu mwenyewe.

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tano, mtoto wa nne kwenye foleni alikuwa Mianda, binti wa Mamie Kalenga, mwenye miezi kumi. Mama yake alimleta kwa baiskeli. Alikuwa amemlaza kwenye fremu juu ya kitenge kilichokunjwa, akamfunga kwa mpira wa tairi jinsi wachimbaji wanavyofunga magunia yao ya mawe, na baiskeli yenyewe aliisukuma kwa fimbo iliyofungwa kwenye usukani. Vitenge viwili vya kubebea vilikuwa vimekwisha kuchanika mgongoni kwake. Wanawake wawili wa foleni walisimama wakamsaidia kumwinua mtoto. Mushiya alimvisha ile suruali ya bluu ya kupimia, akamtundika. Mshale ukapita tano, ukapita kumi, ukasimama.

"Kumi na tisa na nusu," alisema.

"Mwezi ulipita alikuwa kumi na nane," alisema Mamie.

"Ule mutoto njo patron, njo mukubwa," alisema Florentine aliyekuwa nyuma yake. "Anakula nyama, weye unakula mifupa."

"Nyama ya wapi? Aanguke hapa chini, utaona kama njo sakafu ya ciment itapasuka ao yeye."

Wanawake walicheka. Mushiya alizungusha kidole gumba na kidole cha pili kwenye mkono wa Mianda, juu ya kiwiko, na vidole vikakutana na kupishana. Mbavu zilihesabika. Alipomgonga mgongoni kusikiliza kifua, mgongo ulitoa sauti ya beseni la enameli. Alikuwa mtoto wa kumi na moja wa namna hiyo tangu mvua ziishe. Mushiya aliandika uzito kwenye kadi. Kwenye kadi za Kapata kuna njia ya kijani ambamo mtoto mwenye afya anapaswa kupita kila mwezi, na chini yake njia nyekundu ya wenye njaa. Nukta ya Mianda ilikuwa imeshatoka juu ya karatasi mwezi wa pili, kwa hiyo Mushiya alikuwa amebandika kipande cha karatasi nyingine ili kadi iendelee kupanda.

"Anatambaa?"

"Wapi! Anainua kichwa, kichwa kinarudi. Anakaa tu pale nilimuweka. Godoro imefanya shimo." Mamie alimtazama mtoto, ambaye naye alimtazama kwa macho makubwa, tulivu. "Mama Mushiya, mi sitaki kitu kingine. Nataka atambae."

Mushiya alikuwa na daftari la pili, la kwake mwenyewe, lenye jalada la bluu. Humo aliandika majibu ya maswali matatu aliyomuuliza kila mama: maji mnachota wapi, mboga mnatoa wapi, na upepo ukivuma vumbi linaingia kwa mlango gani. Majibu ya miaka minne yalikuwa yamejipanga yenyewe. Watoto waliokunywa maji ya kijito cha chini ya cité, yaani mtaa wenyewe, kile kinachopita nyuma ya ukuta wa kampuni mpya ya madini na ambacho asubuhi huwa na rangi ya sabuni ya kijani, walikuwa wazito. Waliokula lengalenga, yaani mchicha, za bustani za kando ya kijito walikuwa wazito zaidi. Watoto wa safu ya juu ya nyumba, ambao baba zao wana kazi na hununua maji ya mifuko, walipita ndani ya njia ya kijani bila kelele. Tena kulikuwa na mtoto wa Florentine. Huyo alipelekwa kwa bibi yake huko Kasaji, mbali na machimbo, akiwa na kilo kumi na sita, akakaa huko miezi mitatu akinywa maji ya kisima na kula mihogo na sombe ya majani yake kutoka shambani, akarudi na kilo tisa, akikimbia. Mushiya alikuwa amepigia mstari jina lake mara mbili.

Alhamisi ya wiki hiyo alifika Dokta Ntambwe kutoka ofisi ya zone ya afya. Alikuwa mtu mwema aliyechoka, na alikuja na maji yake mwenyewe ndani ya chupa. Alifungua ramani mezani. Kwa miaka mingi Kapata ilikuwa imepakwa rangi nyekundu, na kwa ajili ya wekundu huo ililetewa pakiti za karanga za kutibu utapiamlo, tena iliandikwa katika mpango wa miaka mitano kwamba itachimbiwa kisima kirefu chenye pampu. Sasa ilikuwa ya kijani. Wastani wa uzito wa watoto wa Kapata ulikuwa wa juu kuliko wa eneo lolote la mkoa.

"Félicitations, hongera," alisema. "Pakiti tutazipeleka kwenye watoto wanahitaji. Na kisima pia."

"Dokta, hawa watoto wana njaa. Shika mukono wa huyu."

Mamie alikuwa ameitwa makusudi. Dokta aliushika mkono wa Mianda, vidole vyake vikakutana na kupishana, naye akauacha taratibu.

"Naona, mama. Lakini mukono haiko tena mu formulaire, mu fomu ya kujaza. Formulaire inauliza kilo."

"Basi uandike kama hii kilo haiko ya nyama. Iko ya mawe."

"Nitaandika kama nani amenieleza? Unilete karatasi. Karatasi yenye cachet, yenye muhuri, inasema ndani ya mutoto kuko nini. Hapo nitasimama nayo mbele ya bakubwa."

Ombi hilo Mushiya aliliona la haki. Yeye mwenyewe asingeamini mizani isiyojaribiwa. Hospitali kubwa haikuwa na mashine ya kupima kitu hicho, na sampuli za damu zilizopelekwa nchi za nje mwaka juzi hazikuwa zimerudisha jibu. Lakini katika Kolwezi yote hakuna mtu asiyejua mahali ambapo mawe husemeshwa yaseme yana nini ndani. Jumamosi, Mushiya na Mamie waliisukuma baiskeli hadi depo ya Gaston, mnunuzi wa madini wa barabara ya Mashamba.

Gaston alikuwa amekaa chini ya turubai, mbele yake gunia la mchimbaji na mkononi ile mashine ya kusoma kiasi cha madini kwenye jiwe, yenye umbo la bastola, wanayoiita metoreksi. Wachimbaji husema mashine za depo husoma kila mara chini ya ukweli, na Gaston husema wachimbaji wamezaliwa wakinung'unika. Alimsikiliza Mushiya mpaka mwisho. Alikuwa na watoto wanne, wote wa safu ya juu.

"Yangu iko inapima mawe, mama, haipime bantu."

"Ujaribu tu. Ikikataa, tutarudi nyumbani."

Alielekeza mdomo wa mashine kwenye paja la Mianda na kubonyeza. Ilipiga mlio mmoja. Aliisoma, akaifuta kioo kwa shati lake, akaielekeza tena begani, kisha tumboni. Mchimbaji aliyekuwa akisubiri alisogea kusoma naye.

"Cobalt mbili nukta nne kwa mia," alisema Gaston. "Shaba tano nukta moja."

"Eh!" alisema mchimbaji. "Miye juma muzima mu shimo, nimetosha mawe ya moja nukta tatu. Na ile ulisema iko moja."

"Nyamaza, weye."

Mushiya alimwomba apime mara tatu zaidi, akaandika kila jibu, akatafuta wastani. Gaston aliandika matokeo kwenye karatasi ya depo, akagonga muhuri na kutia sahihi. Hakutaka kitu. Alimtazama Mianda kwa muda, kama mtu anayepiga hesabu bila kupenda, kisha akaingia ndani.

Jumatatu Mushiya aliipeleka karatasi ofisi ya zone. Dokta Ntambwe alitimiza neno lake, akasimama nayo mbele ya wakubwa. Wakubwa waliisoma kwa makini. Wakasema cobalt na shaba si magonjwa, na kwamba kwenye orodha yao ya utapiamlo hayamo. Ni madini, na madini yana ofisi yake. Nakala ilipelekwa huko siku ileile, na huko haikuchelewa.

Jibu lilifika Kapata baada ya siku nane, kwa wepesi ambao barua ya kuomba kisima haikuwahi kuupata. Mushiya aliisoma barua hiyo ya ofisi ya madini mara mbili akiwa amesimama mlangoni. Ilisema kwamba madini yaliyomo ndani ya watoto wa Kapata yamechunguzwa na asili yake imethibitishwa kuwa ni eneo la kibali cha kampuni iliyo nyuma ya ukuta. Kampuni yenyewe imekiri. Kwa hiyo ni mali ya mwenye kibali, na kuyasafirisha nje ya eneo kunahitaji cheti cha asili na ruhusa ya usafirishaji. Wazazi wanaombwa kushirikiana.

Kwa miaka sita kampuni hiyo ilikuwa imekana kwamba vumbi lake linafika Kapata. Ilikuwa imekana kwamba maji yake yanaingia kijitoni. Ilikuja mikutanoni na wanasheria wawili na mtaalamu mwenye picha za rangi, wakakana kwa adabu, wakagawa kofia. Sasa ilikuwa imekiri yote kwa mstari mmoja.

Mushiya aliikunja barua, akaiweka ndani ya daftari la bluu. Kisha akafungua mlango kwa foleni. Hakumwambia mtu siku hiyo kwamba karatasi ya depo lilikuwa wazo lake. Wote walijua.

"Haiko kosa yako," Mamie alimwambia walipobaki wawili.

"Iko," alisema Mushiya. "Mutoto wa Florentine alipita bariere ya barabara, hakuna muntu aliuliza. Ningenyamaza, na Mianda angepita."

"Basi tukajaribu. Labda barua haijafika kule."

Jumatano walipanda lori la mtu anayekwenda Kasaji kununua mihogo. Mianda alilazwa kwenye magunia matupu, nyuma kabisa, juu ya ekseli, kwa ushauri wa dereva. Bibi wa Mianda huko Kasaji, Mama Godelieve, alikuwa ameshaambiwa kwa simu, naye alikuwa ameshateka maji. Mushiya alibeba barua ya transfert, ya rufaa, aliyoiandika kwa mwandiko wake bora: Mtoto apelekwe Kasaji kwa matibabu. Dawa: maji safi, chakula safi, miezi mitatu.

Barua ya ofisi ya madini ilikuwa imeshafika. Kwenye bariere, kizuizi cha barabara ya kutoka mji, ajenti wa ofisi ya madini aitwaye Tata Mukuna alipitisha mashine yake juu ya mifuko, juu ya matairi, juu ya dereva, na ilipofika kwa Mianda ilipiga mlio. Alivua kofia.

"Bamama, samahani. Huyu hawezi kupita."

"Anaenda kwa lupitalo, kwa matibabu," alisema Mushiya, akatoa transfert.

Aliisoma yote. "Iko muzuri. Lakini cheti ya asili iko wapi?"

"Asili yake ni miye," alisema Mamie. "Nilimuzaa Kapata, siku ya Jumamosi, munganga alikuwa huyu hapa."

"Mutoto, ndiyo. Mi nasema ya ndani."

"Ya ndani nani aliweka?"

Tata Mukuna alimrudishia Mushiya transfert yake. Alikuwa mtu mpole, na kwenye meza yake kulikuwa na biskuti alizokuwa akiwapa watoto wa wasafiri. Alieleza kwamba mama anaweza kupita, na mama mwingine pia, na lori. Cheti hupewa mtu mwenye leseni ya kusafirisha madini nje. Kama mama ana leseni, alete.

Mamie alishuka kwenye lori. Hakuwa mwanamke wa makelele, na hata siku hiyo hakupaza sauti sana, ila dereva alizima injini ili asikie.

"Tata, munasema huyu njo mali yenu. Sawa. Basi mumulishe! Mumuletee mayi. Mali yenu iko na njaa, inalia, mi njo naiamukia. Mwenye mali akuye aishike!"

"Mama, kulisha iko ya afya," alisema Tata Mukuna. "Miye niko wa madini."

Wakamshusha Mianda. Lori likaenda Kasaji bila yeye.

Mama Godelieve alikuja mwenyewe Ijumaa, baada ya kungoja bure. Alifika upande wa pili wa bariere juu ya pikipiki, akiwa na vidumu viwili vya maji, unga wa mihogo, karanga zilizotwangwa, sombe, na sufuria. Alimuuliza Tata Mukuna kama kuna sheria inayokataza chakula kuingia. Tata Mukuna alitafuta kwenye kitabu chake na kusema hakuna: sheria inahusu vitu vinavyotoka. Basi Godelieve akawasha moto pembeni mwa barabara, mita mbili kutoka kwenye mti uliolazwa barabarani kuzuia magari, na Mamie akaitwa, akaja na baiskeli. Mianda alikaa upande wa Kapata, akiegemezwa kwenye jiwe. Bibi alikaa upande wa Kasaji, akamlisha kwa kijiko kwa kupitisha mkono chini ya mti.

Wiki ya pili Florentine alimleta mtoto wa dada yake. Wiki ya tatu kulikuwa na bibi sita upande ule na watoto tisa upande huu. Mamie alifunga turubai, akahamia hapo kabisa na Mianda. Madereva walizoea kupunguza mwendo. Tata Mukuna aliongeza benchi, na jua la mchana lilipokuwa kali, aliwaruhusu kutumia paa la kibanda chake, mradi watoto wasivuke mstari aliouchora kwa chokaa.

Mushiya alikuja kila Jumapili baada ya misa, na kidumu chake na mizani yake. Jumapili ya tano alimtundika Mianda kwenye mti wa kuzuia magari, maana ndoana nyingine haikuwapo. Kabla ya hapo, alipokuwa akiitengeneza mizani, alikuwa amesikia Mamie akipiga ukelele mfupi. Mianda alikuwa amegeuka tumboni. Alikuwa ameinua kichwa, na kichwa hakikurudi. Alisogeza goti moja, akapumzika, akasogeza la pili. Alienda umbali wa kiganja, kisha wa viganja viwili, na vumbi la barabara likabaki na alama zake. Bibi yake upande wa pili alipiga makofi na kumwita kwa jina, na Mianda alielekea kule kwenye sauti mpaka pua yake ikafika kwenye chokaa. Hapo Tata Mukuna aliinama, akamgeuza kwa mikono miwili, taratibu, akamwelekeza Kapata.

Mshale ulisimama kumi na nane na nukta sita.

"Amepunguka," alisema Mushiya. "Gramu mia tisa." Aliandika, na mstari wa kwanza kwenda chini ukachorwa kwenye ile karatasi ya kubandikwa.

"Gramu mia tisa," alirudia Tata Mukuna. Alikuwa amefungua daftari lake mwenyewe, ambalo hakuna aliyejua kwamba analo, na ndani yake kulikuwa na majina tisa ya watoto na uzito wao wa siku ya kwanza, alionakili kwenye kadi zao. Alivaa miwani. "Mama Mamie, samahani. Mutoto alikuya hapa na kumi na tisa na nusu. Sasa iko kumi na nane na sita. Nitaulizwa. Ile ya kati imeenda wapi?"

Bibi wote upande wa pili waliacha kukoroga. Mamie alikuwa amempakata Mianda, na kwa mara ya kwanza tangu Januari alikuwa amempakata kwa mkono mmoja, maana sasa mtoto alijishikilia.

"Ameinya mavi, tata," alisema. "Juma tano anainya. Iko kule nyuma ya kibanda yako, nilizika na jembe. Wende uichukue."

Florentine alicheka mpaka akakaa chini. Tata Mukuna hakucheka, wala hakukasirika. Kisha aliingia kibandani, akatoka na koleo na mfuko mweupe wa sampuli wenye namba, akaenda nyuma. Walimsikia akichimba. Alirudi baada ya nusu saa, akaupima mfuko kwa mizani ya Mushiya, baada ya kumwomba ruhusa, na Mushiya akaijaribu kwanza kwa kidumu. Aliupitishia mashine, mashine ikalia. Aliandika karatasi mbili zilizofanana, akagonga muhuri zote mbili, na moja akampa Mamie ili aihifadhi.

"Iko muzuri," alisema. "Yote imeonekana."

Alasiri lilikuja gari la kampuni, jeupe, likauchukua mfuko. Dereva alitia sahihi, akaufunga kwenye kiti cha mbele kwa mkanda. Mti ukainuliwa, gari likapita na mfuko, mti ukashushwa. Upepo ulikuwa umegeuka na sasa ulivuma kutoka kwenye mashimo ya kampuni, na vumbi lilianza kutua juu ya sufuria, juu ya benchi, juu ya midomo ya watoto iliyokuwa bado imefunguliwa kupokea kijiko.